Chumba cha Bata

Ni nani aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba chumba kile ni cha muda tu? Swali hilo lilimjia Mwenyekiti asubuhi ya Jumamosi, mikono yake ikiwa imezama hadi viwikoni ndani ya beseni la pumba, na kila alipojaribu kulijibu alijikuta akimtafuta mtu wa kumsingizia. Huenda alikuwa mumewe, Seremala, siku ile alipoziinua kuta zake kwa matofali yaliyobaki. Huenda alikuwa mama yake mwenyewe, ambaye maisha yake yote alikuwa na tabia ya kuwarahisishia wengine kazi ya kumsahau. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba neno hilo lilikuwa limekaa mno katika nyumba yao, na kwamba siku za karibuni hakuna aliyelitamka tena.

Jina la Mwenyekiti hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanawake wa mtaa walipounda kikundi cha kufuga kuku na bata nyuma ya nyumba zao, wakamsukuma mbele kwa vicheko na makofi kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na banda lililostahili kuitwa banda. Jina likamganda. Sasa hata Seremala, akitaka chumvi mezani, alisema, "Mwenyekiti, nisogezee." Na yeye, ingawa alijifanya kuudhika, moyoni alilipenda.

Asubuhi hiyo alikuwa na sababu ya kulipenda zaidi. Kikundi kilikuwa kimeamua kununua vifaranga kwa pamoja na kuwalea mahali pamoja hadi watakapoota manyoya, ndipo wagawanywe nyumba kwa nyumba. Bwana mifugo alikuwa anakuja kukagua na kusema kama wanaweza kulelewa kwa Mwenyekiti. Jambo hilo alilitamani kwa namna ambayo asingependa mtu aijue. Alikuwa ameosha vyombo vya maji kwa chumvi, amepaka chokaa mashina ya nguzo, na sasa alikuwa akichanganya chakula kwa uangalifu wa mtu anayempikia mkwe: pumba, chenga za mahindi, mashudu ya alizeti, unga wa dagaa, na maganda ya mayai yaliyokaangwa kidogo kisha yakasagwa. Cha kuku alikiacha kikavu. Cha bata alikilowesha kwa maji kikawa kama uji mzito, maana bata hali kikavu bila kukabwa. Kila tonge anataka alisukume kwa maji.

Mama yake alikuwa akifagia uwanja. Alifagia akiwa ameinama, mkono mmoja mgongoni, na kila baada ya hatua chache alisimama akakohoa kikohozi kifupi, cha kukata, kisha akaendelea kana kwamba aliyekohoa ni mtu mwingine.

"Mama, acha bwana, nitamalizia mwenyewe."

"Utamalizia saa ngapi nawe mikono imejaa pumba? Niache nijipashe joto."

Mwenyekiti alifuta mikono kwenye upande wa gauni lake. Macho yake yalikuwa yameenda kwenye kamba ya nguo iliyofungwa kati ya banda la kuku na kile chumba kidogo cha nyuma. Juu ya kamba palikuwa na gauni la mama yake, lile la maua lililopauka mabegani, likichuruzika maji.

"Lile gauni, Mama..."

"Limekauka tayari?"

"Bado. Ila wageni watapita huku nyuma. Nilikuwa naona uwanja uwe mweupe tu."

Mama yake alilitazama gauni, akamtazama binti yake, akatikisa kichwa polepole. "Aa. Nimekuelewa." Aliuegemeza ufagio ukutani, akalianua gauni likiwa bado bichi, akalikunja mara mbili. "Na kigoda changu nacho nikiingize ndani?"

"Kama si taabu."

"Na ndala?"

"Mama..."

"Na mimi mwenyewe, unaniingiza wapi?" Alisema hivyo huku anacheka, na Mwenyekiti naye akacheka upesi, kicheko cha juu juu kilichokwisha kabla hakijafika popote.

"Wewe ukae jikoni, Mama. Utanichagulia maharagwe. Halafu kule kuna joto, kifua chako kitapata nafuu."

"Haya, mwanangu. Maharagwe nayaweza."

Ili mtu akielewe chumba kile hana budi kuanzia kwa bata. Mwaka uliotangulia, bwana mifugo yule yule alikuwa amesimama katika uwanja huu akasema kwamba kuku na bata hawafai kulala pamoja: bata anamwaga maji, maranda yanalowa, na kuku akilala penye unyevu anapata maradhi. Akaonyesha kwa kidole pembe ya uwanja na kusema, "Wajengeeni bata banda lao pale." Seremala alianza siku hiyo hiyo. Alijenga kuta fupi, za kimo cha bata na mtu wa kuokota mayai, akaacha mlango wa kuingilia kwa kuinama na tundu moja la hewa. Kabla hajaezeka, mvua zikaiangusha nyumba ya mama yake Mwenyekiti, ukuta wa jikoni ukalala juu ya vyombo, na bibi huyo akafika kwao na mfuko mmoja wa nguo.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja kilikuwa chao. Cha pili kilikuwa cha mtoto wao wa pekee, aliyekwisha kuoa na kuhamia kwake, na tangu alipoondoka kilikuwa kimejaa vifaranga.

"Msiwahamishe watoto wa watu kwa ajili yangu," mama yake alisema jioni aliyofika, akichungulia vifaranga kwa furaha. "Mimi nipeni hata pale nyuma. Na isitoshe, mkwe wangu ataona haya kukutana na mimi koridoni na taulo kiunoni."

Kauli ya namna hiyo husemwa ili ikataliwe. Mwenyekiti alilijua jambo hilo tangu alipokuwa mtoto, na aliyemfundisha ni mama huyo huyo: mgeni akisema ameshiba, hubishani naye wala humkubalii, unamwekea sahani mbele yake. Ilimpasa aseme, "Mama, hebu niondolee mambo hayo," amshike mkono amwingize ndani. Kinywa chake kilifunguka kusema hivyo. Kisha akaitazama taa ya joto, akawatazama vifaranga wadogo waliolala chini yake, akasema, "Basi, kama mwenyewe unaona sawa." Kesho yake Seremala aliongeza matofali. Tundu la hewa likafungiwa wavu wa kuku, na upepo ulipokuwa mkali likazibwa na nailoni. Vifaranga wale wakakua wakahamia bandani, wakaja wengine. Hao nao wakakua.

Wageni walibisha hodi jua likiwa limeshapanda. Walikuwa watatu: bwana mifugo, mtu mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo, amevaa viatu vya mpira na kofia, Mama Pacha, anayetunza fedha za kikundi, mwanamke mpole wa maneno machache, na Msusi, mwenye saluni ya mlango mmoja mtaa wa pili, ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Hodi kwa wenye kuku! Mwenyekiti, kuku wako wanajua adabu kuliko wewe. Sisi tunabisha, wanatuitikia wao."

"Karibuni, karibuni jamani. Nilikuwa nanawa."

"Unanawa nini, umependeza hivyo? Au bwana mifugo anakagua na wafugaji?"

"Mimi nakagua mabanda tu, mama," alisema bwana mifugo. "Wafugaji wamenishinda."

Walianza na chumba cha vifaranga. Mlangoni waliacha viatu, wakanawa kwenye beseni, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Mwenyekiti na hakuwa akimsamehe mtu. Ndani kulikuwa na joto la kupendeza. Maranda yalikuwa makavu, yametandazwa unene wa kiganja. Mapazia mazito yalizuia upepo. Kipimajoto kilining'inia usawa wa mgongo wa kifaranga, kwa kuwa joto la juu ya vichwa vya watu halimsaidii anayelala sakafuni. Bwana mifugo alipiga magoti akawatazama tu.

"Mnaona wanavyolala?" alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kifaranga akihisi baridi, wanarundikana. Akihisi joto, anaikimbia taa. Hawa wametawanyika chumba kizima. Wamelala raha kuliko mimi jana."

"Mwenyekiti," alisema Msusi, "siku nikigombana na mume wangu nakuja kulala humu. Ukinikataa nalia kama kifaranga."

"Utaacha viatu mlangoni?"

"Nitaacha na mume."

Walicheka wote, na Mwenyekiti alihisi mwili mzima ukimlegea kwa furaha. Bandani, nako, hakuna kilichokosewa. Banda la kuku lilikuwa fahari ya Seremala: sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo, paa lenye mteremko, madirisha ya wavu pande mbili ili hewa ipite bila kuwapiga kuku vifuani, na fito za kulalia alizozipiga msasa hadi zikawa laini, pembe zote zimeviringishwa, ili nyayo za kuku zisichubuke. Bwana mifugo alipitisha kiganja juu ya ufito mmoja, akamgeukia Seremala aliyekuwa amesimama pembeni na penseli sikioni.

"Hii ni samani, ndugu yangu. Kuku analalia samani."

"Nilikuwa na muda kidogo," alisema Seremala kwa haya.

Wakafika kwa bata. Walikuwa wamefungiwa kwenye uzio mdogo, wanazungukazunguka beseni lao la kuogea, wakitia midomo kwenye uji wa pumba na kukimbilia maji. Bwana mifugo aliuliza wanatolewa saa ngapi. Mwenyekiti akaeleza kwamba hawafungulii mapema, kwa sababu bata hutaga alfajiri, na ukimfungulia kabla hajataga yai atakuwekea majanini. Bwana mifugo aliridhika. Kisha akajishika kiuno, akaangaza huku na huku.

"Na lile banda lao nililowaambia mwaka jana? Mlilijenga?" Kabla mtu hajamjibu, alikuwa ameliona. "Naam! Lile pale. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, mtu unamwambia jambo analitenda." Akaanza kwenda.

Palikuwa na nafasi ya kusema. Kutoka kwenye uzio hadi kwenye mlango ule, mtu mfupi mwenye viatu vizito hafiki kwa kuruka. Mwenyekiti alikuwa na muda wa kutamka maneno matatu, manne: Hapo analala mama. Seremala alimtazama, akisubiri ayaseme yeye kwa kuwa mama alikuwa wake. Hakuyasema. Uwanja ulikuwa mweupe kama alivyoutaka. Kamba haikuwa na nguo, kigoda hakikuwepo, na pale penye ndala palikuwa na alama za ufagio tu.

Bwana mifugo aliusukuma mlango, ukafunguka nusu ukakwama, kwani nyuma yake palikuwa na kitu kilichouzuia. Aliinama, akaingiza kichwa gizani, na papo hapo akakirudisha nje na kukunja pua.

"Aa, hapa hapana! Seremala, hapa umeniangusha, bwana. Umetumia akili yote kule, huku ukaleta mabaki." Alikwangua kizingiti kwa ncha ya kiatu. "Sakafu hii inanyonya. Mnaona? Beseni lile la bata, maji yake yote yanapenya chini ya ukuta yanakuja humu. Hakuna hata maranda. Na hewa je? Tundu moja, tena mmelifunika na nailoni! Harufu ya kinyesi inaingia na haina pa kutokea. Mimi niko mlangoni tu, macho yananiwasha. Ukimlaza bata humu, hamalizi wiki kifua kimembana. Wanalala wangapi humu?"

Wote wakamgeukia Mwenyekiti.

"Bata bado hatujawahamishia," alisema. Sauti yake ilitoka ikiwa tulivu, sauti nzuri ya mikutanoni. "Bado halijakamilika. Ni la muda tu. Tutalirekebisha."

Alipolisikia neno lile likitoka, alilitambua. Hakuna mwingine aliyewahi kulisema kwanza. Lilikaa kinywani mwake kama jino lake mwenyewe.

"Bata wako wakienda kukushtaki, Mwenyekiti, watakushinda asubuhi tu," alisema Msusi. "Hata wakili hawahitaji." Mama Pacha aliziba mdomo kwa kiganja akacheka.

Nyuma yao, upande wa jikoni, sauti ya maharagwe kwenye ungo ilikoma. Mwenyekiti hakugeuka. Shingo yake ilikataa.

Bwana mifugo, ambaye alikuwa mtu wa kumaliza kazi, aliwasha taa ya simu, akainama zaidi, akajipenyeza ndani.  Mwenyekiti hakuhitaji kuingia ili aone kile bwana mifugo anachokiona. Angekiona kwanza kitanda kilichouzuia mlango, na blanketi lililotandikwa bila kunyanzi. Angeliona gauni bichi lililokunjwa juu ya kigoda. Angeiona chupa ya dawa ya kifua juu ya sanduku, miwani iliyofungwa mguu kwa uzi, na picha ya harusi ya mjukuu iliyobandikwa juu kabisa, mahali ambapo unyevu wa ukuta haukuwa umepafikia.

Bwana mifugo alitoka kinyumenyume. Alipojinyoosha alikuwa amevua kofia, na hakujua amtazame nani.

"Samahani," alisema. "Sikujua. Nimekosa adabu."

Msusi alifungua mdomo, akauona uso wa Mwenyekiti, akaufunga. Labda ilikuwa mara ya kwanza tangu kikundi kiundwe. Bata waliendelea kuyapiga maji kwa mabawa. Seremala alichomoa penseli sikioni, akaichunguza, akairudisha.

"Usiombe radhi, mwanangu," ilisema sauti kutoka mlango wa jikoni. "Karibu sana. Bata mwenyewe ndiye mimi."

Mama yake alikuja na ungo wa maharagwe kiunoni, anatembea taratibu, usoni ana lile tabasamu lake la kupokelea wageni. Aliwapa mkono mmoja mmoja. Kisha akasimama kando ya binti yake, karibu kabisa, mabega yakigusana, na kusema:

"Msimwone vibaya huyu. Alinililia niingie ndani, nikakataa. Alinibembeleza, na mkwe wangu naye akanibembeleza. Mimi ni mkaidi tu. Usingizi wa ndani siuwezi, nimezoea kuamshwa na majogoo. Nikawaambia, mkinilazimisha narudi kwangu." Akakohoa, akameza, akatabasamu tena. "Uzee una ujinga wake. Mzoee tu."

Ukimya ulifunguka kama mlango. Kila mmoja aliingia upesi, kwa shukrani.

"Ah, wazee!" alisema Mama Pacha. "Mama yangu nilimnunulia godoro, akaliweka juu ya kabati. Analala mkekani mpaka leo."

"Na wangu haoni televisheni bila kuizima," alisema Msusi. "Ndivyo walivyo. Ukiwapenda sana wanakuona unawafunga."

Bwana mifugo alirudisha kofia kichwani. "Hata hivyo jaribuni kumshawishi," alisema kwa sauti ya chini. "Kile kifua si kizuri." Kisha akajikohoza, akairejesha sauti yake kubwa. "Kwa upande wa vifaranga, mimi sina la kupinga. Chumba kile ni cha mfano. Walelewe hapa."

Msusi alipiga kigelegele, kuku wakashtuka, na wote wakacheka kupita kiasi, kama watu waliookoka ajali. Mwenyekiti alipewa mikono ya pongezi. Aliipokea. Alichokitamani kwa miezi kilikuwa kimetua mikononi mwake, na alijua aliyekilipia ni nani.

Aliwaingiza sebuleni, akawawashia feni, akasema anakwenda kuleta chai. Jikoni alimkuta Seremala amesimama mbele ya birika, halichukui wala haliachi.

"Umesikia alichosema Mama?" aliuliza Seremala.

"Nimesikia."

"Kwamba tulimbembeleza."

"Nimesikia, Seremala."

"Nimejaribu kukumbuka tulimbembeleza siku gani." Hakuwa anamsuta, alikuwa anaumia, na maneno yalimtoka kwa shida. "Ule wavu wa tundu lake niliukata mimi. Ulikuwa mabaki ya banda la kuku. Nilipoupigilia niliona uzuri wake, jinsi ulivyoenea sawasawa. Hilo ndilo nililoliona." Alitazama mikono yake. "Fito za kuku nilizipiga msasa. Kile kizingiti cha mlango wake kina vibanzi mpaka leo."

 Mwenyekiti alitoka kwa mlango wa nyuma, akavuka uwanja. Mama yake alikuwa ameshaingia chumbani. Mwenyekiti alisahau kuinama, akajigonga paji la uso kwenye mwamba wa juu ya mlango, na maumivu yake yakaja pamoja na fedheha nyingine: asiyesahau kuinama ni yule anayeingia mara kwa mara.

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, anatandaza lile gauni bichi kwenye reli ya kitanda. Mwenyekiti aliketi kando yake. Godoro lilikuwa na ubaridi uliopenya nguo. Macho yalianza kumwasha, kama bwana mifugo alivyosema, na kwa kuwa yalikuwa yakimtoka machozi tayari hakuweza kujua ni yapi ya nini.

"Umejigonga?" mama yake aliuliza, akimpapasa paji la uso. "Pole. Mwanzoni mwamba huo hata mimi ulinionea."

"Mama, kwa nini umesema vile mbele ya watu?"

"Vile vipi?"

"Kwamba nilikulilia. Kwamba ulikataa."

Mama yake aliendelea kuinyoosha mikunjo ya gauni kwa kiganja. "Ningesema nini? Mtu ameuliza wanalala wangapi humu, wewe ukajibu hakuna." Hakulitamka kwa ukali. Alilitamka kama mtu anayeeleza njia. "Nikaona mwanangu amejibana mahali pabaya mbele ya wenzake. Nikamtoa. Ni kazi yangu hiyo, tangu zamani."

"Nisamehe."

"Wewe nenda ukawape watu chai. Itapoa."

"Ulipofika, siku ile, uliposema upewe huku nyuma. Ulikuwa unataka kweli?"

Mkono wa mama yake ulisimama juu ya gauni. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alikuwa hana la kumrahisishia. Alitazama tundu lenye wavu, kisha akatazama magoti yake.

"Nilitaka unikatalie," alisema.

Nje, bata walikuwa wamemaliza uji wao na walikuwa wakigombania maji. Mmoja aliruka ndani ya beseni, maji yakamwagika, na baada ya kitambo kidogo Mwenyekiti aliona mstari mweusi wa unyevu ukijitokeza chini ya ukuta na kusogea taratibu kuelekea mguu wa kitanda. Mama yake aliinua miguu yake kidogo, bila kutazama, kama mtu aliyezoea.

Mwenyekiti alisimama, safari hii akainama. Alitamani kwamba angalau hasira imsaidie, lakini hakuwa na wa kumkasirikia. Aliwazia jinsi atakavyowaambia wageni. Angeweza kungoja waondoke, kisha amhamishe mama yake kimyakimya, na wiki ijayo atafute sababu ya kuwakataa vifaranga: umeme, au ugonjwa wa kuku wa jirani. Ingekuwa rahisi. Uongo wa mama yake ungebaki umesimama hivyo hivyo mtaani, ukimkinga, na watu wangezidi kumwonea huruma kwa kuwa na mzazi mkaidi. Alilipima wazo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Uwanja ulikuwa mfupi. Alikuwa bado analipima alipoufikia mlango wa sebule.

Seremala alikuwa amekwisha kuwamiminia chai. Msusi alikuwa akisimulia jambo la mteja aliyelala usingizi akisukwa, na bwana mifugo alikuwa akicheka kwa heshima, kikombe magotini. Mama Pacha alimpisha Mwenyekiti nafasi kwenye kochi.

"Njoo ukae, tulikuwa tunakusubiri tupange. Vifaranga wanafika Jumatatu. Tulikuwa tunasema, tuwalete moja kwa moja au..."

"Sikai," alisema Mwenyekiti.

Walimtazama. Paji lake la uso lilikuwa limevimba, na macho yake yalikuwa mekundu. Sauti nzuri ya mikutanoni haikuja alipoihitaji. Ilibidi aseme kwa ile nyingine, inayotetemeka.

"Mama yangu amewadanganya kwa ajili yangu. Sikumlilia, sikumbembeleza, na yeye hakukataa. Mimi ndiye niliyemweka kule, na mliponiuliza nikasema ni banda la bata."

Msusi alitua kikombe. "Mwenyekiti, jamani, mambo ya ndani hayo, si lazima..."

"Ni lazima. Mliniamini na watoto wenu wa kuku kwa sababu mliona nawalaza vizuri." Akamtazama mumewe, aliyekuwa amesimama na birika mkononi, naye Seremala akaitikia kwa kichwa, mara moja, akaliweka birika chini. "Vifaranga wa kikundi msiwalete hapa, tafuteni nyumba nyingine, na uenyekiti mtauamua wenyewe. Waliomo ndani wana manyoya ya kutosha, wanahamia bandani sasa hivi. Mama yangu anaingia katika chumba chao leo, kabla jua halijazama, na hatoki."